Filta ya AC ya IST nimeambiwa 95,000 bado ufundi, ndiyo bei yake kweli?

mama_kinyerezi

Wakuu habari za jioni, naombeni mnisaidie kabla sijatoa hela.

Natumia Toyota IST old model, kila siku natoka Kinyerezi naenda Posta kazini, na asubuhi nampitisha mwanangu shule Tabata. Kwa muda sasa AC haitoi upepo wa maana, yaani unaweka feni namba 4 unasikia inavuma kwelikweli lakini kinachotoka kwenye matundu ni kidogo, ubaridi upo ukisogeza mkono karibu unausikia ila siti ya nyuma alipokaa mtoto haufiki kabisa. Halafu asubuhi nikiwasha tu inatoa harufu ya nguo iliyokosa jua, inakaa kidogo inapotea. Mtoto ana pumu kwa hiyo kufungua vioo kwangu siyo chaguo, hasa kile kipande cha vumbi kabla hujaikuta lami, na kwenye foleni moshi wa malori unaingia wote ndani.

Nimepeleka gereji moja, fundi hajafungua kitu chochote, kaweka mkono kwenye tundu akasema gesi imeisha na filta ya AC imekufa. Hesabu aliyonipa: filta 95,000, ufundi 30,000, gesi 60,000. Jumla 185,000. Nikamwambia ngoja nikajipange.

Sasa naomba kujua, filta peke yake inauzwaje hapa Dar, na je ni lazima gesi ijazwe? Mwenye uzoefu na IST hasa. Mume wangu yuko mkoani kikazi kwa hiyo hili nalishughulikia mwenyewe.

---

baridi_tabata

Dada shikamana na hela yako kwanza. Mimi kazi yangu ni AC za magari nimekaa nayo muda mrefu, naomba usome taratibu.

Umesema mwenyewe ubaridi upo ila upepo ndiyo hakuna. Hayo ni matatizo mawili tofauti na fundi makini ndicho kitu cha kwanza anakuuliza. Upepo ukiwa mwingi lakini wa moto hapo ndiyo tunaanza kufikiria gesi, kompresa (pampu ya AC inayozungusha gesi), feni ya mbele na kadhalika. Upepo ukiwa kidogo lakini wa baridi, mara nyingi gesi haihusiki, kuna kitu kimeziba njia ya hewa na mara nyingi kitu chenyewe ni hiyo filta. Gesi haisukumi upepo, upepo unasukumwa na feni iliyopo nyuma ya dashibodi upande wa abiria, gesi kazi yake ni kupoza tu.

Na hili watu wengi hawaambiwi: gesi ya AC haiishi kwa kutumika. Petroli inaungua inaisha, ila gesi ya AC, hii R134a iliyopo kwenye gari lako, inazunguka kwenye mfumo uliofungwa inarudi palepale. Ikipungua maana yake kuna sehemu inavuja, iwe kwenye maungio au mpira wa kompresa au kondensa (ile ya mbele inayopoza gesi), sasa mtu anayekujazia bila kupima presha kwa geji na bila kutafuta panapovuja anakuuzia kitu utakachorudi kukinunua tena. Kwa hiyo ile 60,000 ifute kwenye hesabu mpaka mtu aweke geji akuonyeshe.

Filta sasa. Kwenye IST ipo nyuma ya kile kiboksi cha mbele ya abiria unachowekea kadi ya gari na karatasi za bima, haihitaji spana wala bisibisi. Mimi mteja akija na filta yake nikimfungulia namtoza elfu 5, na akiwa anafanya na sevisi nyingine simtozi kitu. Elfu 30 kwa kazi ya dakika tano hapana.

---

spea_gerezani

Naongezea kwenye bei maana ndiyo biashara yangu. Filta ya AC ya IST kwa hapa Kariakoo ile ya kawaida ya karatasi mimi nauza 15 mpaka 20 kutegemea kampuni, yenye mkaa ile ya rangi ya kijivu kijivu 25 mpaka 35, orijino ya Toyota ipo juu zaidi unaweza kufika 50 na ushee. Ukitoka nje ya mji maduka ya Mbezi, Tegeta, Mbagala ongeza elfu tano au kumi hapo, na yeye ana pango la kulipa siyo dhuluma. Ila 95 kwa IST hapana dada, labda awe amekuhesabia na usumbufu wake wa kwenda kuitafuta.

Ukija dukani usiseme tu "nipe filta ya IST". IST old model na new model ni magari mawili tofauti kabisa, old model chesisi inaanza NCP60 au NCP61 na new model ni NCP110, filta haziingiliani. Piga picha ya chesisi kwenye kadi ya gari au kile kibati cha kwenye boneti, au kama tayari umeshaitoa ya zamani njoo nayo mkononi tulinganishe.

Kingine, watu wanachanganya filta ya hewa ya injini na filta ya AC. Mtu anakuja anasema "nataka ya hewa" anapewa ya injini, anafika nyumbani haiingii, kesho yake ugomvi dukani. Kwa Toyota angalia namba kwenye boksi: ya injini inaanza na 17801, ya AC nyingi zinaanza na 87139, na kuna baadhi za magari ya zamani zinaanza na 88568. Ya oili ndiyo zile 90915. Ukijua hizo tarakimu za mwanzo hata umtume bodaboda atakuletea kitu sahihi.

Kuhusu feki: boksi linaweza kuwa zuri sana lakini ukifungua unakuta mikunjo imeachana, michache, na karatasi nyepesi ukiinyanyua kwenye mwanga unaona upande wa pili. Nzuri mikunjo yake imebanana na iko sawasawa, na pembeni ina ule ufito wa sponji au kitambaa kigumu unaoziba kingo ili vumbi lisipite pembeni. Fungua boksi kabla hujalipa, muuzaji anayekukatalia kufungua achana naye.

---

dereva_buguruni

Mnamtisha dada wa watu bure. Mimi naendesha gari la mtandaoni niko barabarani kutwa, filta ya AC naitoa napeleka pale wanapojaza upepo matairi naipuliza na kompresa buku mbili inakuwa safi narudisha. Na kuna jamaa zangu wengi wametoa kabisa wanatembea bila filta na upepo unatoka mwingi kuliko hata gari jipya. Hela ya filta bora nijaze mafuta.

---

baridi_tabata

@dereva_buguruni kaka nakuelewa, hesabu ya gari la biashara ni ya kila siku. Lakini nikwambie ninachokutana nacho mimi, maana hao jamaa zako waliotoa filta ndiyo wananiletea kazi kubwa.

Nyuma ya filta kuna eveporeta, ile inayopoza hewa, ina vibati vyembamba sana vimebanana na muda wote AC ikiwa inafanya kazi inatoka jasho. Gari lisipokuwa na filta, vumbi lote la Buguruni na Vingunguti linaenda kugonga pale kwenye unyevu linaganda linakuwa tope. Mwanzoni upepo utakuwa mwingi kweli sikatai, baada ya miezi unaanza kupungua tena na safari hiyo hakuna filta ya kubadilisha, inabidi eveporeta itoke. Kuna magari inatoka kwa kufungua upande tu na kuna mengine mpaka dashibodi yote ishuke, na hapo gesi lazima itolewe na kujazwa upya. Mteja niliyemfanyia karibuni alilipa 250,000 kuosha eveporeta peke yake, gari lilikuwa limetolewa filta na fundi ili "upepo uwe mkali". Filta ya elfu 20 kila mwaka angetumia miaka kumi na bado asingefika hapo.

Na feni nayo inaumia. Kwenye njia ya upepo kuna resista inayopunguza spidi za feni, na inapozwa na upepo huohuo unaopita, sasa filta ikiziba upepo unakuwa mdogo resista inachemka inaungua, ukiona namba 1, 2, 3 zimekufa imebaki 4 peke yake ujue ndiyo imeondoka.

Kupuliza: inasaidia kwa siku chache kwa sababu unatoa yale majani na vumbi kubwa la juu. Lile vumbi laini lenyewe, ndilo linaloingia kifuani, halitoki, limezama kwenye nyuzi, na kompresa ya matairi ina nguvu nyingi inatanua zile nyuzi na kuchana karatasi, baada ya hapo vumbi linapita moja kwa moja. Kuosha na maji ndiyo usijaribu kabisa, filta nyingi za siku hizi nyuzi zake zina chaji inayovuta vumbi, ukilowesha inaondoka halafu ikikauka vibaya unafuga ukungu humo. Kwa mtu mwenye mtoto wa pumu mimi siwezi kumshauri apulize.

---

dereva_buguruni

Hiyo ya eveporeta sawa mkuu, nimekusoma. Ila kwa anayepiga kilomita nyingi kila siku mnasema abadilishe kila baada ya muda gani, maana mwaka kwangu ni mrefu.

---

baridi_tabata

Vitabu vingi vya magari vinasema kati ya kilomita 15,000 na 20,000 au mwaka mmoja, kinachotangulia, na vyenyewe vinakwambia sehemu za vumbi upunguze. Kwa Dar ukiwa unapita lami tupu Masaki na Posta mwaka unafika vizuri. Ukiwa unaishi kwenye barabara za vumbi Goba ndani, Chanika, Kinyerezi ya ndani, Mbezi Msakuzi huko, au unapita kila siku kwenye ujenzi wa barabara, fungua uiangalie kila ukimwaga oili, kuangalia ni bure. Wewe wa gari la biashara kwa kilomita zako badilisha kila 10,000 utakuwa salama.

---

mama_kinyerezi

Asanteni sana jamani yaani nimepata mwanga. Maswali mawili tu. La kwanza, kati ya ile ya kawaida na yenye mkaa, kwa mtoto mwenye pumu ipi nichukue, tofauti ya bei siyo kubwa. La pili, hiyo kazi ya kuifungua naweza kuifanya mwenyewe kweli? Mimi hata boneti huwa nafunguliwa kituo cha mafuta.

---

vitz_nyeupe

Dada unaiweza, mimi ni mwanamke na ya Vitz yangu nabadilisha mwenyewe hapa nyumbani Sinza tangu nilipomwona fundi mmoja anaifanya nikashangaa kumbe ndiyo hiki tu. IST na Vitz za miaka ile zimetengenezwa kifamilia.

Zima gari kabisa. Toa kila kitu kwenye kiboksi cha mbele ya abiria kisije kikakumwagikia. Kifungue, halafu tazama pembeni kulia na kushoto kuna vishikizo vinavyokizuia kisianguke chote, bana zile kuta za pembeni kwa mikono miwili uzisukume kwa ndani huku unakivuta kuja kwako, kitashuka. Kwenye baadhi ya magari kuna kamkono kembamba upande mmoja kanachokifanya kishuke polepole, kachomoe taratibu kasivunjike. Ukishashusha utaona mbele yako kifuniko chembamba cha plastiki kimelala, kina klipu pembeni, bonyeza kitoke. Humo ndiyo filta imekaa. Kabla hujaivuta weka gazeti chini kwenye kapeti, na mtoto asiwepo ndani ya gari na wewe vaa barakoa, maana ile ikitoka inamwaga vumbi.

Vuta ikiwa imelala hivyohivyo usiipindue, majani yatadondokea kwenye feni halafu utasikia inapiga takataka kila ukiwasha. Tazama mshale kabla hujaitoa. Mpya iingie vilevile: kama imeandikwa UP herufi ziangalie juu, kama ina mshale wa upepo basi kwenye Toyota nyingi za namna hii upepo unatoka juu kwenda chini kwa hiyo mshale utazame chini. Ukigeuza itafanya kazi ila haitachuja vizuri na itaziba mapema.

Kwa mara ya kwanza fanya mchana wenye mwanga, ukiwa na tochi ya simu inatosha.

Lingine, kuna magari yalitoka Japani bila filta kabisa, hasa yale ya bei ya chini na ya kazi. Sehemu ya kuiweka ipo ila imefunikwa. Kwa hiyo ukifungua ukakuta patupu usishtuke, na kuna wengine mafundi waliitoa hawakurudisha.

---

spea_gerezani

@mama_kinyerezi kwenye la mkaa: ile ya kawaida inazuia vumbi, poleni, nyuzinyuzi. Yenye mkaa inafanya hayo na inanyonya harufu na sehemu ya gesi za moshi wa magari, kwa mtu anayekaa foleni nyuma ya malori ya bandarini mimi ningechukua ya mkaa. Kwa pumu lakini kikubwa kuliko vyote ni iwe mpya na iwe imekaa imeziba kingo zote. Ya kawaida iliyobadilishwa kwa wakati inamfaa mtoto kuliko ya mkaa iliyokaa miaka miwili, mkaa nao unashiba unaacha kunyonya.

---

e90_mikocheni

Nichangie kidogo kwa wenye magari ya Ulaya msije mkasoma hizi bei mkaenda kugombana na mafundi. BMW yangu E90 filta ya kabini, yaani hiyohiyo ya AC, ipo chini ya boneti karibu na kioo cha mbele, kuna plastiki la kufungua kwa skrubu. Golf za kizazi cha tano ipo chini ya dashibodi upande wa miguu ya abiria unafanya ukiwa umejikunja. Filta zenyewe kwangu sijawahi kuipata chini ya 60,000. Kwa hiyo ufundi wa elfu 15 au 20 kwa gari la hivyo nalipa bila kinyongo, ila kwa IST hapana.

Na wanaopaki chini ya mwarobaini au mwembe, pale chini ya waipa ndipo gari linapovuta hewa ya nje, majani yanaingia humo. Safisheni kwa mkono kila mkiosha gari. Mimi nilishakuta panya wametengeneza makazi juu ya filta, wamekata karatasi katikati, na hiyo gari ilikuwa imepaki wiki mbili tu.

---

mama_kinyerezi

Narudi na mrejesho. Nimeshindwa kusubiri nikamtuma kijana Kariakoo na picha ya chesisi, kaleta yenye mkaa kwa 28,000 na nauli yake 5,000. Nimefungua mwenyewe nikifuata maelezo ya @vitz_nyeupe hatua kwa hatua, kile kiboksi ndiyo kilinisumbua, kukibana pembeni kunataka nguvu kidogo, mengine rahisi kabisa.

Jamani iliyotoka humo. Rangi siwezi kusema ilikuwa ipi mwanzo, imekuwa kahawia inaelekea nyeusi, katikati ya mikunjo kumejaa vumbi jekundu limeshikana mpaka mikunjo haionekani, juu yake majani makavu ya mwarobaini, nywele, na mbawa za wadudu. Kona moja ilikuwa na ukungu wa kijani. Nimesimama nayo naitazama nikawa namfikiria mwanangu anayekaa nyuma anavuta hewa iliyopita humo asubuhi na jioni, roho iliniuma sana. Gari nililinunua mkononi mwa mtu, nahisi haijawahi kubadilishwa tangu ije nchini.

Nimeweka mpya nikawasha, feni namba 2 sasa inatoa upepo kuliko namba 4 ya zamani. Mtoto nyuma kasema mwenyewe "mama baridi". Gesi sijagusa na ubaridi ni wa kutosha.

Kilichobaki ni ile harufu ya asubuhi, imepungua sana ila ipo kwa mbali. Hiyo nayo ni nini @baridi_tabata?

---

baridi_tabata

Hongera dada umefanya kazi safi. Hiyo harufu ni ukungu uliopo kwenye eveporeta yenyewe, filta ilipokuwa imeziba unyevu ulikuwa haukauki na kwa joto na unyevunyevu wa Dar ukungu unaota haraka, masika ndiyo kabisa.

Anza na kitu cha bure. Ukikaribia kufika nyumbani, kama dakika tatu au nne kabla, zima kile kitufe cha AC ila acha feni inavuma namba 3, na weka ivute hewa ya nje badala ya kuzungusha ya ndani. Hiyo inakausha eveporeta kabla hujapaki. Ukiwa kwenye kile kipande cha vumbi rudisha kwenye hewa ya ndani, na kwenye IST hata hiyo ya ndani inapita kwenye filta kwa hiyo mtoto bado analindwa. Fanya wiki mbili.

Halafu angalia chini ya gari upande wa abiria ukiwa umewasha AC kwa muda, lazima maji yadondoke. Yasipodondoka mpira wa kutolea maji umeziba na maji yanalala ndani, huo mpira unazibuliwa kwa upepo ni kazi ndogo usikubali kutozwa zaidi ya elfu 10.

Harufu ikibaki baada ya hapo kuna povu la dawa la kuua ukungu, linapulizwa ndani kupitia ule mpira au kupitia pale ulipotoa filta, linakaa linatiririka na uchafu. Mimi nafanya kwa 35,000 pamoja na dawa, na siku hiyo mtoto asipande gari mpaka ulipeperushe vizuri vioo vikiwa wazi maana dawa ina harufu kali na kifua cha pumu hakiipendi.

---

mama_kinyerezi

Maji yanadondoka, nimetoka kuangalia sasa hivi. Naanza na hiyo ya kuzima AC kabla ya kufika, na tarehe niliyobadilisha nimeiandika na kalamu pembeni ya filta mpya pamoja na kilomita. Isipoisha Jumamosi ya wiki mbili zijazo nakuletea Tabata, naomba nielekeze gereji ilipo inbox.